Losheni yangu ya parachichi, nijaribishie sungura?

SWALI: Habari za kazi. Natengeneza losheni ya parachichi hapa Uyole, mafuta nafuata Tukuyu, na juzijuzi nimeanza kuweka na mafuta ya mchaichai ili inukie. Sasa mteja mmoja kasema imemuwasha. Kijana wa jirani anafuga sungura, anasema nimpake mmoja kwanza nione, eti hata wazungu ndo wanavyofanya. Ni sawa kweli?
Mama wawili, Mbeya

JIBU: Mama wawili, waache hao sungura jamani. Kijana hajadanganya, kipimo hicho kipo tangu 1944, alikianzisha John Draize kule Marekani, sungura ananyolewa mgongoni anapakwa au anawekewa kitu jichoni, afu watu wanasubiri siku kadhaa waone patavimba kiasi gani. Ni mateso, mi naumia hata kukueleza, na majibu yake yenyewe hayaaminiki sana maana ngozi ya sungura inawashwa upesi kuliko yetu. Umoja wa Ulaya tangu 2013 hauruhusu kabisa kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama.

Siku hizi maabara wanaotesha seli za ngozi ya binadamu, nyingi zimetoka kwa watu waliofanyiwa upasuaji wakaridhia, mpaka zinakuwa kijipande cha ngozi chenye matabaka. Kiungo cha kipodozi kinawekwa juu yake dakika 15 hadi 60, kinaoshwa, wanasubiri karibu siku mbili, afu wanaweka dawa ya njano ambayo seli iliyo hai tu ndo inaigeuza zambarau. Zambarau ikishuka hadi nusu au chini ya nusu ya kile kijipande ambacho hakikuwekewa kiungo, basi hicho kinawasha. Na kwa upande wa macho wanatumia hata macho ya ng'ombe wa machinjioni.

Wewe huhitaji mashine hizo, viungo vyako vingi vilishapimwa, muombe anayekuuzia karatasi ya usalama uisome. Mi nashuku huo mchaichai, mafuta yake ni makali, yana sitrali inayojulikana kwa kuwasha, kwenye losheni hata asilimia moja isifike. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kifuniko. Ukishapunguza jipake kidogo ndani ya kiwiko asubuhi na jioni kwa siku 7, pakiwa pekundu acha hapohapo.

Huyo mteja aache kupaka kwanza, inawezekana ni aleji yake, na aleji hata hicho kijipande cha maabara hakiioneshi, akizidi aende hospitali na chupa yake mkononi. Afu nenda TBS, lile shirika la viwango, vipodozi viko kwao tangu 2019, waulize usajili kabla hujaanza kupeleka mzigo sokoni Mwanjelwa.