Kurekebisha akaunti kwa usermod: chunguza yale ambayo amri haiyagusi

Ukitunza seva ya Linux inayotumiwa na watu wengi, maombi yanayokufikia ni yale yale. Jina langu limekosewa. Nimeolewa, nataka akaunti ibadilike. Niongeze kwenye kundi la uhasibu. Yule kijana ameacha kazi, mfungie. Yote haya hufanyika kwa amri ya mstari mmoja, na mara nyingi amri yenyewe ni `usermod`, ndiyo maana watu huidharau. Wanaandika, wanabonyeza Enter, terminali inakaa kimya, wanahesabu kazi imekwisha. Kimya cha usermod maana yake ni kwamba imefanya ulichoitajia, basi. Mengine yote yanayomhusu mtumiaji huyo, yaliyotapakaa kwenye mashine, yako vile vile, na hayo ndiyo yatakayokupigia simu Jumatatu asubuhi.

Mimi kabla ya kugusa akaunti ya mtu huandika kwanza hizi mbili:

`getent passwd mwanaidi`
`id mwanaidi`

Ya pili huorodhesha namba na makundi yake. Ya kwanza huleta mstari wa namna hii:

`mwanaidi:x:1004:1004:Mwanaidi Juma Bakari,,,:/home/mwanaidi:/bin/bash`

Ni sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta pacha: jina la kuingilia, herufi x inayoonyesha kwamba nywila imewekwa kwingine (kwenye `/etc/shadow`), namba ya mtumiaji, namba ya kundi lake la msingi, maelezo ya mtu mwenyewe, folda ya nyumbani na sheli anayotumia (programu inayosoma amri anazoandika). Kati ya hizo, yenye uzito ni ile 1004. Diski haihifadhi jina la mwenye faili, inahifadhi namba. `ls -l` ndiyo inayokwenda kulitafuta jina ili ikuonyeshe wewe. Ukilielewa hilo, nusu ya vituko vya akaunti havitakushangaza tena.

Natumia `getent` badala ya kufungua `/etc/passwd` moja kwa moja kwa sababu kwenye ofisi na vyuo vingi watumiaji hawakai kwenye mashine hiyo, wanatoka kwenye seva ya LDAP, yaani orodha moja ya watumiaji inayotumiwa na mashine nyingi. Ikiwa `getent` inamwonyesha mtu lakini `grep` (amri ya kutafuta maneno) ndani ya `/etc/passwd` haimpati, usihangaike na usermod. Nenda kamrekebishe huko aliko.

Sasa majina. Sehemu ile ya tano huitwa GECOS, jina lililobaki tangu enzi za Bell Labs, ambako kazi za kuchapa zilitumwa kwenye mashine zilizoendesha mfumo wa General Electric na sehemu hiyo ilibeba utambulisho uliohitajika huko. Siku hizi inabeba jina kamili, namba ya chumba, simu ya kazini na simu ya nyumbani, kwa mkato katikati. Ukiandika `sudo usermod -c "Mwanaidi J. Bakari" mwanaidi` (sudo huiendesha amri kwa nguvu za root, msimamizi mkuu wa mfumo), umefuta sehemu yote na kuandika upya, simu zikiwemo. Ukitaka kubadilisha jina tu na kuacha mengine, tumia `sudo chfn -f "Mwanaidi J. Bakari" mwanaidi`. Kwenye Ubuntu na Debian nilizozizoea, mtumiaji wa kawaida anaweza kujibadilishia simu na chumba kwa `chfn`, ila jina kamili hawezi. Mstari wa `CHFN_RESTRICT` ndani ya `/etc/login.defs` umemzuia. Kwa hiyo usimwambie mtu ajirekebishie jina mwenyewe, atarudi kwako akiwa amenuna.

Halafu kuna majina yetu yenye ng'. Tazama amri hii:

`sudo usermod -c 'Kamau Ng'ang'a' kamau`

Inaonekana sawa, na itapita bila neno. Lakini sheli inaona alama nne za nukuu, inazihesabu kuwa jozi mbili, inaziondoa, na kinachofika kwa usermod ni Kamau Nganga. Hakuna onyo lolote. Mwenye jina hilo kwa kawaida ameshachoka na mifumo inayomharibia jina lake, na hatakuja kulalamika. Litabaki hivyo miaka. Afadhali wa Mwang'ombe: hapo alama zinakuwa tatu, hazifungi, terminali inashuka mstari na kukuonyesha `>` ikisubiri umalizie. Bonyeza Ctrl+C uanze upya. Dawa ni kutumia nukuu mbili-mbili nje, `"Kamau Ng'ang'a"`, na kuandika jina kwa mkono wako. Ukilinakili kutoka kwenye Word, ile alama huja ikiwa imepinda, inaingia kimyakimya, na siku ukimtafuta kwa `grep` humpati.

Kwenye makundi ndiko kwenye hatari zaidi. `usermod -G uhasibu mwanaidi` haimwongezi Mwanaidi kwenye uhasibu. Inamwambia mfumo kwamba makundi yake ya ziada kuanzia sasa ni uhasibu peke yake, na mengine yote anatolewa. Herufi `-a` ndiyo inayosema ongeza: `sudo usermod -aG uhasibu mwanaidi`. Fikiria amri hiyo bila `-a` kwenye akaunti yako mwenyewe, wewe ukiwa ndiye msimamizi pekee, kwenye Ubuntu ambayo root haina nywila. Umejitoa kundi la sudo, na njia ya kurudi ni kuwasha mashine kwa hali ya uokoaji. Kwa seva iliyoko kwenye kituo cha data mji mwingine, hiyo ni safari. Ndiyo maana kwa makundi nimeiacha usermod kabisa, natumia `sudo gpasswd -a mwanaidi uhasibu` kuongeza na `-d` kutoa. Inagusa kundi moja tu. Hata ukiandika usingizini haifuti mengine.

Ukishamwongeza atakwambia bado anakataliwa. Mwambie aandike `id` bila jina lolote, kisha `id mwanaidi`. Ya pili inasoma kumbukumbu za mfumo na itaonyesha uhasibu. Ya kwanza inaonyesha kile ambacho kikao chake kilipewa alipoingia, na humo uhasibu hamna. Atoke aingie tena. Na kutoka kuwe kutoka kweli: ukiacha `tmux` (programu inayoweka kikao hai hata ukitoka) inaendelea nyuma ukaja kuirudia, umerudi na makundi ya zamani. Jambo moja la pembeni: mtu akiomba kuingizwa kundi la docker (programu ya kuendesha makontena), jibu kana kwamba ameomba nguvu za root, kwa sababu ndicho anachopata.

Kubadilisha jina la kuingilia ni kazi ambayo mimi huikwepa nikiweza. Mtu akiolewa, mara nyingi anachotaka ni jina jipya lionekane, na `-c` inatosha. Lakini wapo ambao jina la zamani linawauma kila asubuhi wanapoliandika, mathalani la mtu waliyeachana naye, na hao siwabishii. Kwanza atoke kwenye mashine, la sivyo utapata `usermod: user mwanaidi is currently used by process 2317`. Kisha:

`sudo usermod -l mbakari -d /home/mbakari -m mwanaidi`
`sudo groupmod -n mbakari mwanaidi`

Bila `-d` na `-m`, jina linabadilika na folda inabaki na jina la zamani. Bila amri ya pili, kundi lake linaendelea kuitwa mwanaidi. Namba 1004 haijaguswa, kwa hiyo faili zake zote zinamfuata bila shida. Kisichomfuata ni kila mahali palipoandikwa jina lenyewe. Kazi zake za cron, zile zinazojiendesha kwa ratiba, bado ziko kwenye faili linaloitwa mwanaidi ndani ya `/var/spool/cron/crontabs`, hivyo ripoti yake ya kila usiku haitatoka. Mistari ya sudo ndani ya `/etc/sudoers.d` inamtaja mtu asiyekuwepo. `AllowUsers`, orodha ya wanaoruhusiwa kwenye mipangilio ya SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), itamfungia mlango. Samba, inayoshirikisha folda na kompyuta za Windows, ina orodha yake ya majina. Mazingira ya Python aliyoyatengeneza kwa `venv` yameandikwa njia kamili ya folda ya zamani ndani yake, na ni rahisi kuyatengeneza upya kuliko kuyatibu. Nusu ya haya utayaona kwa `sudo grep -rnw mwanaidi /etc`. Iendeshe kabla ya kubadilisha, uhifadhi majibu. Ukiona orodha ni ndefu, unaweza kuweka kiungo kutoka `/home/mwanaidi` kwenda folda mpya hadi mambo yatulie.

Kubadilisha namba (`-u`) ni nadra, huwa ni kwa ajili ya NFS (mfumo wa kushirikiana folda kupitia mtandao), seva mbili zikubaliane nani ni nani. usermod itarekebisha faili zilizo ndani ya folda ya nyumbani. Za nje ya hapo utazitafuta mwenyewe kwa `find` na `-uid 1004`.

Aliyeacha kazi sasa. Wengi huandika `usermod -L` wakalala. Amri hiyo inaweka alama ya `!` mbele ya nywila iliyofichwa kwenye `/etc/shadow`, ili nywila yoyote atakayoandika isilingane. Ufunguo wake wa SSH hautumii nywila. Kwenye seva nyingi zenye mipangilio ya kawaida ya PAM (sehemu ya Linux inayoamua nani aingie), ufunguo ulioko `authorized_keys` utamfungulia kama jana. Amri ninayotumia ni hii:

`sudo usermod -L -e 1 juma`

`-e` ni tarehe ya mwisho ya akaunti, na 1 ni siku ya kwanza baada ya 1 Januari 1970, ambako saa za Unix zinaanzia kuhesabu. `sudo chage -l juma` itakuonyesha kuwa akaunti iliisha muda tarehe 2 Januari 1970. Hata hivyo, kama yumo ndani muda huo, haitamtoa. `sudo loginctl terminate-user juma` ndiyo ya kumtoa. Tazama pia `sudo crontab -l -u juma`, maana humo hukutwa kazi ambayo ofisi nzima inaitegemea na hakuna aliyejua ni ya nani. Akirudi, `sudo usermod -U -e '' juma`.

Usikimbilie `userdel`. Akaunti ikifutwa, faili zake zilizoko nje ya folda ya nyumbani zinabaki na namba tupu, na kama namba yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, `useradd` itampa mwajiriwa anayefuata namba hiyo hiyo. Mgeni anaingia siku ya kwanza akiwa tayari ni mmiliki wa faili za mwenzake.

Kuhusu nywila, iache `usermod -p`. Inategemea uipe nywila iliyokwisha kusimbwa; ukiipa ya kawaida inaiandika hivyo hivyo, mtu hataweza kuingia, na uliyoiandika imebaki kwenye historia ya amri zako. Tumia `passwd`, kisha `sudo chage -d 0 mwanaidi` ili alazimike kuweka ya kwake atakapoingia.

Na ikibidi kabisa kuhariri faili lenyewe kwa mkono, tumia `vipw`, au `vipw -s` kwa shadow, kwa sababu inalifunga faili mtu mwingine asije akaandika wakati mmoja na wewe. Acha dirisha la pili likiwa wazi na root ndani yake. Nakala ya mwisho huwa iko `/etc/passwd-`, yenye kistari mwishoni. Ukimaliza, `sudo pwck -r` itakagua bila kubadilisha chochote. Itakulalamikia kwamba akaunti fulani za mfumo, kama `lp`, hazina folda. Hayo ni ya kawaida, yapite. Tafuta mstari wenye jina la uliyemgusa.