Uliza Fundi: Kuvuta HiAce iliyokufa bila kuua giaboksi

SWALI: Habari za kazi, mafundi. HiAce yangu ya dizeli, otomatiki, ya mwaka 2006, imekata mkanda wa taimingi pale Ruaha Mbuyuni. Nyumbani ni Iringa mjini. Shemeji yangu ana Fuso, anasema tuifunge kamba tuipandishe mlima Kitonga usiku magari yakipungua. Fundi wa hapa anasema nikiweka N (gia huru) haina neno. Je, nimsikilize?
Msomaji, Iringa

JIBU: Pole kwa kukwama, ndugu. Kwa umbali huo, N peke yake haitoshi. Pampu ya mafuta ya giaboksi ya otomatiki inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima, pampu imesimama, lakini tairi za nyuma zinazungusha propela (ile shafti ndefu chini ya gari), na propela inazungusha shafti ya kutokea ya giaboksi. Vyuma vinasagana bila mafuta, na unafika nyumbani na magonjwa mawili badala ya moja. Kuisogeza taratibu mita mia kadhaa, kutoka barabarani hadi gereji, hakuna tatizo. Hadi Iringa ni habari nyingine.

Dawa ni kufungua propela upande wa difu (kasha la gia katikati ya tairi za nyuma). Weka kigingi au jiwe mbele na nyuma ya tairi kwanza, maana propela ikishafunguka P (gia ya kuegesha) haishikilii gari tena. Imebaki hendibreki tu. Piga alama ya rangi kwenye sahani zote mbili, ya propela na ya difu, zinapokutana ili zirudi zilivyokuwa, la sivyo gari litakuja kutetemeka ukiwa kwenye mwendo. Bolti ni nne, mara nyingi spana namba 14. Kipande kilicholegea kifunge juu kwenye chasisi kwa waya mnene, mizunguko mitatu au minne. Kamba ya katani haifai hapo: propela ikidondoka mwendoni inaburuzwa kwenye lami na kugongagonga chini ya gari. Usichomoe upande wa giaboksi bila kuziba tundu, mafuta yatamwagika.

Sasa Kitonga. Hapo jibu letu ni hapana, mchana wala usiku. HiAce tupu ni kama tani mbili. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, uzito wake unairudisha nyuma kwa nguvu ya kilo 200 hivi muda wote, na kila Fuso inapobadili gia kamba inalegea kisha inakazwa kwa mshtuko unaozidi hapo mara kadhaa. Ikikatika, una gari linalorudi nyuma kwenye kona, malori yamepanga foleni nyuma yako, na breki hazina msaada. Breki ya HiAce inasaidiwa na hewa inayofyonzwa na pampu ya injini. Injini ikizima, akiba inatosha kukanyaga mara mbili au tatu. Baada ya hapo pedali ni ngumu kama jiwe na inataka mguu mzima. Usukani nao unakuwa mzito.

Kodi gari la kubebea lenye kitanda, HiAce ipande nzima, tairi zote nne zifungwe mikanda. Kwa njia hiyo hata propela huna haja ya kuifungua. Bei itauma, lakini linganisha na bei ya giaboksi. Ukiona ni ghali mno, badilishia mkanda huko huko Ruaha Mbuyuni, ila kwanza fundi aangalie kama valvu hazijapigana na pistoni. Zikiwa zimepigana, mkanda mpya hautaliwasha.

Kamba itumike sehemu tambarare tu, kwa masharti haya. Gari linalovuta liwe zito kuliko linalovutwa. Fuso ya shemeji inafaa. Kamba iwe ya nailoni, unene wa milimita 20 au zaidi, urefu wa mita 4 hadi 5, yenye vitanzi vilivyoshonwa, kwa sababu fundo peke yake linaweza kula karibu nusu ya nguvu ya kamba. Funga kitambaa chekundu katikati. Waya wa chuma tunaukataa: haunyumbuki, na ukikatika unarudi na kufyeka. Funga kwenye ndoano ya kuvutia iliyoshikwa na chasisi, kamwe si kwenye bampa wala mkono wa usukani. Angalia vizuri hapa, maana vitanzi vingine chini ya magari yaliyotoka Japani viliwekwa kwa ajili ya kulifunga gari melini, havihimili kuvutwa barabarani.

Ufunguo ubaki kwenye ON. Ukiuchomoa, usukani unajifunga kwenye kona ya kwanza. Taa za hazadi ziwake magari yote mawili. Abiria na mizigo vishuke. Mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Dereva wa nyuma ndiye mwenye kazi kubwa: aguse breki kidogo kidogo ili kamba ikae imenyooka muda wote. Asiachiwe kijana anayejifunza.

SWALI: Yangu ni ya manyo (gia za mkono). Ya manyo si inavutika tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Inavutika zaidi ya otomatiki, lakini si bila mwisho. Ndani ya giaboksi mafuta yanarushwa na shafti ya chini, na hiyo nayo inazungushwa na injini. Gari likiwa N na injini imezima, shafti ya chini imelala, na gia za shafti ya juu zinakauka polepole. Sisi tunafungua propela safari ikizidi kilomita 20. Kama kilichokufa ni klachi tu na injini ni nzima, iwashe ikae sailensa (ingurume bila kukanyaga mafuta): breki na usukani vinarudi kuwa vyepesi, na unavutwa kwa amani.

SWALI: Nina Noah otomatiki. Fundi anatafuta propela aifungue, haioni. Tufanyeje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Haioni kwa sababu haipo. Noah za mwanzo, kabla ya 2001, zinasukumwa na tairi za nyuma. Kuanzia umbo la 2001 zinavutwa na tairi za mbele, na propela utaikuta tu kwenye ile ya tairi nne. Kwa hiyo bredauni iinue mbele, hendibreki ishushwe, tairi za nyuma zijiviringishe. Ikiwa ni ya tairi nne, kitanda tu. Kuinua upande mmoja na kuburuta mwingine kunaharibu viungo vya katikati.