Begi moja, mlimani na mjini?

SWALI: Mambo vipi, nina kamera moja na lenzi mbili, wikiendi napanda vilima kutwa nzima, siku zingine napiga picha mjini. Begi moja la mgongoni litanitosha kweli?

JIBU: Litatosha, ila usianze na kamera, anza na mgongo wako. Lita 20 hadi 25 zinakaa vifaa vyako, maji, msosi na koti la mvua, na hakikisha lina mkanda wa kiunoni wa maana, maana huo ndo unahamisha uzito toka mabegani kwenda kwenye nyonga, bila huo saa ya tatu tu utachukia hata kupiga picha. Mjini mimi napenda sana zipu inayofungukia upande wa mgongo, ukilivaa mtu wa nyuma hawezi kulifungua kirahisi, na ukilitua kwenye tope unalilaza upande wa mgongo ukiwa juu, mikanda inabaki safi. Chupa ya maji iweke mfuko wa nje, usiichanganye na lenzi kabisa! Kifuniko cha mvua nacho lazima, zipu huwa zinavujisha. Ukipata begi ambalo sponji za ndani za kukinga kamera unaweza kuzitoa, chukua hilo. Lijaribu likiwa limejaa, sio tupu.