Kabla hujaitafsiri habari ya Waroma

Msomaji anayetafsiri habari za Ulaya kwa redio kaniandikia: tukio moja la Waroma kalisoma kwenye magazeti mawili, likawa kama matukio mawili. Ndivyo ilivyo.

Anza na jina. Waroma ni jamii ya wachache iliyotawanyika nchi nyingi za Ulaya; si wakazi wa jiji la Roma, wala si lazima wawe Waromania. Liseme hilo mapema, msikilizaji asipotee. Halafu futa "wahamiaji haramu". Romania na Bulgaria ziliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007, na raia wa Umoja hukaa nchi nyingine mwanachama hadi miezi 3 kwa kitambulisho au pasipoti tu.

Ufaransa 2010 ndiyo darasa lenyewe. Julai, askari walimuua kwa risasi kijana wa jamii ya wasafiri wa misafara, watu wanaoishi kwa kuhamahama na nyumba za magari. Wenzake wakavamia kituo cha polisi Saint-Aignan. Wasafiri hao ni Wafaransa. Serikali ya Rais Sarkozy ikageukia kubomoa kambi za Waroma wa Romania na Bulgaria, na waraka wake wa Agosti 5 ukawataja Waroma waziwazi. Waliokubali kuondoka walipewa euro 300 kwa mtu mzima, 100 kwa mtoto. Magazeti ya mrengo wa kulia huita hiyo "kurejea kwa hiari", ya kushoto "kufukuzwa". Wewe taja euro 300, taja na kambi iliyobomolewa, yatosha.

Wa kushoto nao usiwaamini kichwakichwa. Huruma wanayo, kipaza sauti hawatoi: anayenukuliwa ni wakili au mtu wa shirika, Mroma yumo pichani tu, hana hata jina. Na Manuel Valls, aliyedai mwaka 2013 kwamba Waroma wachache tu ndio wanaotaka kujichanganya na jamii, alikuwa waziri wa Ufaransa, Msoshalisti wa kushoto hukohuko!

Kwa hiyo hesabu nukuu. Chora safu nne: serikali na polisi, majirani, mashirika, Waroma. Safu ya mwisho ikibaki tupu, tafuta chanzo kingine. Ukikosa, tangaza kwamba hawakuhojiwa.

Habari za "mtoto aliyeibwa" ndizo hatari zaidi. Oktoba 2013, msichana mwenye nywele za dhahabu alikutwa kambini kwa Waroma huko Farsala, Ugiriki, na dunia nzima ikapiga kelele kwamba ameibwa. Vinasaba vikaonyesha wazazi wake ni Waroma wa Bulgaria. Siku chache baadaye polisi wa Ireland wakachukua watoto wawili kwa familia mbili za Waroma kwa sababu ya nywele hizohizo. Vipimo vikathibitisha ni wa kwao. Habari kama hiyo ikikufikia jioni, iweke pembeni hadi maabara ijibu, hata kama redio jirani wameshaisoma.