Watoto wanataka tembo, mama anataka bahari

SWALI: Mambo anko, mimi niko Tabata, likizo hii watoto wananisumbua niwapeleke mbugani waone tembo, mama yao anasema yeye anataka bichi tu basi, na hela ya Serengeti sina kwa kweli. Nifanyeje?
Baba Wawili

JIBU: Baba Wawili kwani Saadani hujaisikia? Ndo hifadhi pekee ya taifa hapa Tanzania Bara ambayo mbuga inashuka mpaka baharini, imekuwa hifadhi ya taifa toka 2005 na kutoka Dar ni safari ya masaa tu. Twiga, nyati na wale jamii ya swala, kuro na tohe, wapo, ila tembo usiwaahidi watoto, ni wachache na wana aibu, utakuja kununiwa njia nzima ya kurudi. Kitu cha kuwaahidi ni boti ya mto Wami, pale viboko na mamba wanaonekana hasa, ndege ndo usiseme, halafu kuna msitu wa Zaraninge una mbega. Mama nae atapata bichi yake, tena kwenye ufukwe wa Madete kasa wanapanda kutaga mayai, ila kuogelea aulize askari kwanza na mdomoni mwa mto asisogee kabisa, mamba hajui mgeni.

Masika usijaribu, ule udongo mweusi ukilowa gari inazama mpaka mjute. Beba kitambulisho cha taifa cha NIDA, mzawa analipa kwa shilingi na bei yake ni ndogo mbali kabisa na ya mgeni. Na nguo za bluu au nyeusi acheni nyumbani, mbung'o, wale inzi wanaouma, wanazipenda hizo balaa!