Mkono Ukija Kichwani Bila Hodi

Dada, ukisuka rasta Jumamosi hapa Houston, jiandae na Jumatatu kazini. Ninahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, na kila nikibadilisha msuko lazima mtu anyooshe mkono. Mmoja anauliza ruhusa huku vidole vimeshafika. Mwingine anavuta kidogo aone kama ni zangu. Wengi wao si watu wabaya, na hilo ndilo linalotunyamazisha. Tunaogopa kuonekana wakali, tunatabasamu, kisha tunarudi nyumbani na donge kooni.

Ninawaandikia mnaofika Marekani sasa, hasa wenye watoto wanaoanza shule, kwa sababu nimechoka kusikia tukiambiana, "Hawajazoea, wavumilieni." Tumevumilia vya kutosha.

Tena asikwambie mtu kwamba ukali huu umejifunzia Marekani. Kwetu kichwa hakishikwi ovyo. Msusi anashika, mama anashika, bibi anakuwekea mkono utosini akikuombea dua. Bibi yangu mwenyewe alifukia nywele zilizobaki kwenye chanuo, hakuziacha zipeperuke uani. Na kwa mwanamke wa Kiislamu nywele ni sehemu ya stara yake. Anayemgusa mtandio "aone tu" amevuka mpaka mkubwa kuliko anavyodhani.

Wamarekani weusi wana machungu yao juu ya hayo. Mababu zao walikaguliwa mnadani mwili mzima, na hakuna aliyewauliza. Mwaka 1786, huko Louisiana, Gavana Esteban Miró aliwaamuru wanawake weusi waliokuwa huru wafunge nywele zao kwa vitambaa. Na ng'ambo, mwaka 1810, mwanamke wa Kiafrika aitwaye Sarah Baartman alichukuliwa Afrika Kusini akaonyeshwa London. Watu walilipa kiingilio kumtazama, wengine wakamfinya na kumchokoa kwa fimbo. Alifia Paris mwaka 1815, na mabaki yake hayakurudi kwao hadi 2002. Ukimwona dada Mmarekani anafoka kwa mguso ambao wewe ungeupuuza, usimwite mkorofi.

Sasa unafanyaje? Rudi nyuma hatua moja, useme kwa sauti yako ya kawaida, "Tafadhali usinishike nywele." Ishia hapo. Usiombe samahani wala usianze kueleza, maana maelezo yanafungua mjadala, na nywele zako hazina mjadala. Msimamizi wangu wa zamani aliwahi kunijibu, "Lakini zinapendeza sana!" Nikamwambia, "Asante, zitazame." Hakurudia. Anayerudia, andika tarehe na waliokuwepo, upeleke utumishi. Mzee aliyepoteza kumbukumbu ni habari nyingine kabisa: huyo ninamshika mkono taratibu na kumpa kitu kingine cha kushika.

Sheria ipo, ila ijue mipaka yake. California ilitangulia mwaka 2019 kupitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa shule na waajiri kwa sababu ya nywele za asili, misuko au dredi. Ya Texas ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2023. Hata hivyo, Februari 2024 jaji wa hapa Texas aliamua kwamba shule inayomwekea mvulana kikomo cha urefu wa nywele haijaivunja sheria hiyo. Kwa hiyo mama mwenye kijana wa dredi, soma kanuni za shule kabla ya kumwandikisha.

Uwanja wa ndege ndipo penye mikono ambayo huwezi kuikataa. Mashine za ukaguzi huweza kuweka alama kichwani kwa sababu tu nywele ni nene au zimefungwa juu, na hapo ofisa atataka kupapasa. Mwaka 2015 idara inayosimamia ukaguzi huo, TSA, ilikubali kuwafundisha upya maofisa wake baada ya wanawake weusi kulalamika. Una haki ya kupekuliwa na ofisa wa jinsia yako, kuomba avae glavu mpya, na kuomba chumba cha faragha ukiwa na mtu wako. Omba bila woga, wamezoea kuombwa.

Mtoto ndiye anayeniuma zaidi. Anaingia chekechea na mabutu yake mazuri, saa nne tayari darasa zima limeshayavuta. Mfundishe sentensi ileile nyumbani, aiseme kwa sauti mpaka aizoee, na umwandikie mwalimu kabla ya siku ya kwanza. Tafadhali usimtie dawa wala usimnyoe ili asishikwe. Atajua kwamba kosa lilikuwa la nywele zake.

Na sisi tujiangalie. Nimeona Kariakoo mtoto wa kizungu amezungukwa na mikono, analia, na watu wazima wanacheka. Huyo naye kichwa ni chake. Zito zaidi ni kwa mtu mwenye ualbino. Tanzania tunajua watu hawa walivyouawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, na hata nywele zao zikatafutwa. Ukimshika nywele kwenye daladala unamtia hofu ya maisha yake, hata kama moyoni ulikuwa unamsifu.

Wengine wananiuliza kama inatosha kuomba ruhusa. Kwa mtu usiyemjua, naona hata kuomba usiombe, kwa sababu unamlazimisha akukatalie mbele za watu. Sifia msuko kwa mdomo, uendelee na safari yako. Kwa rafiki, muulize mkiwa wawili, na mkono wako ubaki chini mpaka akujibu.