Muulize Bibi Mwalimu: Sato amekikosoa kitabu

Shikamoo Bibi Mwalimu. Nina mapacha wa miaka mitano, Kulwa wa kike na Doto wa kiume. Nauza dagaa pale soko la Mwaloni. Mwezi uliopita nilinunua kwa machinga kitabu cha picha za samaki, elfu sita, maandishi ya Kiingereza, picha zinang'aa kweli. Jumapili napara sato, Kulwa akaja na kitabu chake. Akamtazama samaki, akatazama kitabu, akasema, "Mama, huyu hana kope. Kitabu kinadanganya." Na kweli, yule wa kitabuni ana kope ndefu kama bibi harusi, tena anacheka. Nilikosa la kusema. Baba yao anasema nimetupa hela, watoto wa umri huu wanunuliwe vya a, e, i, o, u, sayansi wataikuta shuleni. Mimi niliishia darasa la saba. Wakiniuliza "kwa nini" mara tatu, nimeishiwa. Niwatafutie vitabu gani, na nisichokijua nijibu nini?
Mama Pacha, Kirumba, Mwanza

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha tu. Kulwa hajakosea. Kafanya kazi ambayo mchoraji hakuifanya: kamtazama samaki. Sato hana kope. Sisi tunapepesa macho yasikauke, yeye anaishi majini, yatakauka vipi? Hata akilala, macho yako wazi. Mjibu hivyo hivyo. Halafu mwambie mchoraji alitaka kuchekesha, hakutaka kufundisha. Hadithi za sungura na fisi nimewasomea watoto miaka mingi na sitaziacha, lakini mtoto aambiwe mapema kipi ni cha kucheka na kipi ni cha kujua.

Ukirudi kwa machinga, usidanganywe na jalada. Fungua ukurasa wa mnyama unayemjua wewe. Muuza dagaa unamjua samaki kuliko wachoraji wengi. Kitabu kikimkosea sato, mimi sikiamini tena kikianza habari za nyangumi. Buibui namhesabu miguu: minane. Siafu: sita. Utashangaa wanavyopunjwa. Halafu natafuta mishale yenye majina ya viungo: pezi, gamba, mkia. Hapo ndipo umjibu baba Kulwa, kwa upole: "pezi" lina herufi nne tu, na mtoto anayetaka kujua mshale unasema nini atazifuata hizo a, e, i, o, u bila fimbo.

Kitu kinachowapoteza watoto sana kwenye vitabu hivi ni ukubwa. Darasani kwangu kulikuwa na mtoto aliyeamini dagaa na sangara wanalingana, kwa sababu kila mmoja alijaza ukurasa wake. Nilivua kanga niliyojitanda, nikaitandika sakafuni. Kanga ina mita moja na nusu hivi kwa urefu. Sangara mkubwa hukaribia mita 2, kwa hiyo nikawaambia mkia wake ungetoka nje, ufike pale mlangoni. Kwenye pindo tukaweka dagaa mmoja mkavu. Yule mtoto akajilaza juu ya kanga ajipime na sangara, wenzake wakapanga foleni, na hesabu siku hiyo haikufundishwa.

Sasa rudi jikoni kwako, maana utajiri uko huko. Sato wa Jumapili usimpare peke yako. Kabla ya kisu, mwache Doto ainue shavu aone matamvua, yale mekundu yaliyopangika kama meno ya kitana. Ni mekundu kwa sababu ya damu, ambayo hapo ndipo inapochota hewa iliyomo majini. Chukua gamba moja, lioshe, liinue kwenye mwanga wa dirisha: lina mistari ya duara, duara ndani ya duara, inayoongezeka samaki anavyokua. Ukimpasua, taratibu, utakuta chini ya uti wa mgongo kifuko cheupe kilichojaa hewa. Wengi tunakitoboa na kukitupa na matumbo. Kitoe kizima ukiweza, kiweke kwenye bakuli la maji, kitaelea. Hicho ndicho kinamwezesha sato kutulia katikati ya maji, asizame wala asielee juu kama kopo. Waache wakibonyeze. Kitapasuka, na watacheka, na hawatasahau.

Mikono ikishanawa, ndipo kitabu kifunguliwe, hapo hapo mkekani. Mnatafuta: shavu lipo? Matamvua je? Mchoraji kamnyima nini, kamzidishia nini? Kope zifuteni kwa kalamu mkipenda. (Wakutubi watanisema. Kitabu ni chako, umelipa elfu sita.)

Kiingereza kisikutishe. Kwa umri huu wanasoma picha, maneno ni yako. Ila andika kwa penseli pembeni majina ya samaki wetu wa ziwani tunayotumia sisi: furu, gogogo, kamongo, ningu. Vitabu vya kutoka mbali haviwajui. Na sato ana kisa ambacho kitabu chako kimekiacha: jike huyatunza mayai yake mdomoni, na vifaranga vikishaanguliwa, vikiona hatari hukimbilia humo humo. Wakati wote huo karibu hali kitu. Waambie wanao, halafu subiri maswali.

Maswali usiyoyajua. Mama, mimi nilikuwa na cheti ukutani na bado niliumbuka. Unawajua wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi, giza la mwezi likiingia, asubuhi unawafagia kibarazani kwa jembe. Niliwaambia watoto: hao ni mbu, wanauma. Mtoto wa mvuvi, hata saba hajatimiza, akanyoosha mkono uliojaa wale wadudu, akasema, "Mwalimu, mbona hawaumi?" Darasa zima likanigeukia. Ningeweza kumwambia akae chini. Nilimwambia, "Sijui, nitatafuta." Nikatafuta, nikapata kitabu chenye mchoro wa maisha yao yote kwenye ukurasa mmoja: yai, buu, bundo, mdudu mzima. Buu ni angavu kama kioo, unaona hadi ndani yake, mchana anajificha kwenye tope la chini ya ziwa, usiku anapanda kutafuta chakula. Mdudu mzima anafanana na mbu lakini hana mdomo wa kunyonya damu. Nikaubeba ule ukurasa hadi kwa yule mtoto, nikamwonyesha yeye kwanza.

Kwa hiyo sema "sijui". Ila usiishie hapo. Weka siku ya kwenda kuangalia. Maktaba ya Mkoa ipo hapo mjini, ulizia vitabu vya watoto vyenye picha. Kama simu yako ina intaneti, mradi wa African Storybook una vitabu vya picha bure, vya Kiswahili vimo. Navyo vipime kwa sato wako.

Na Kulwa akitaka kurekebisha kitabu, mpe karatasi ya manila, ikunjeni mara mbili, ishoneni kwa uzi wa nyavu, achore sato asiye na kope. Kitunze kwenye kabati la sahani za wageni.

* * *

Bibi, salamu. Mwanangu wa miaka minne ana kitabu chenye konokono, sasa kila siku anataka nimpeleke ufukweni akawakamate halisi. Nimpeleke?
Baba, Ukerewe

Hapana, baba, wa ziwani hapana. Najua nimetoka kusema watoto wakaguse vitu, na hapa nasema asiguse. Kichocho kinapita kwa konokono wa majini, wale wadogo wanaokaa kwenye majani ya pembezoni. Vimelea hutoka ndani yao, huogelea, huingia kwenye ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Mtoto huenda asisikie chochote. Kusimama tu majini akiokota kunatosha. Na kama ameshachezea maji hayo, mpeleke kituo cha afya wakampime, dawa ipo.

Wa nchi kavu ndiye wako. Subiri mvua inyeshe, asubuhi yake katazameni kwenye migomba, yule mkubwa wa gamba la kahawia. Mweke juu ya kipande cha kioo, au mfuniko mpana wa plastiki ulio angavu, mpe jani la mchicha, kisha inueni kioo mtazame kwa chini. Utaona mawimbi yanapita kwenye mguu wake, kutoka nyuma kwenda mbele, ndivyo anavyosogea. Na mdomo wake mtauona unafunguka na kufunga, ukikwangua kioo. Kitabu chake kiwe mkononi mwa mwingine, maana ute hautoki kwenye karatasi. Mkimaliza mrudisheni mgombani, mnawe kwa sabuni wote wawili.